Jibu: Mlitoa notisi, na bado mwenzenu amekamatwa

Salaam ndugu yangu. Umesema mlipeleka notisi ya maandamano ya mishahara, mkatembea kwa amani, bado polisi wakamzoa mwenzenu, na kaunta ya kituo cha polisi wanakana kumwona.

Cha kwanza, nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Bila hiyo mtazungushwa. Mgomo wetu hapa Mombasa, tulizunguka kutwa tukimtafuta mwenzetu aliyekamatwa, tukiambiwa "hayuko". Muuza mahamri nje ya kituo ndiye aliyetuambia ameona kijana akishushwa garini. Kumbe yuko seli, hajaandikishwa! Wakili alipoingia, jina likaonekana.

Kisha hesabuni saa. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya chataka afikishwe kortini ndani ya saa 24, ila zikiishia wikendi husogezwa hadi siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana Ijumaa huniogopesha.

Nakala ya notisi ina muhuri? Sheria yataka notisi ifike polisi siku 3 hadi 14 kabla ya maandamano. Wakisema hamkupewa "ruhusa", kifungu cha 37 cha Katiba, kinacholinda maandamano ya amani, hakitaji ruhusa.

Akiwa ameumizwa: hospitali, picha, P3 (fomu ya polisi inayojazwa na daktari kuhusu majeraha), halafu malalamiko IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi. Mkilipa dhamana, daini risiti. Pesa hiyo hurudishwa.