Baba, akaunti ya chelezo na skrini ya kuingilia

Kompyuta ya kaunta kwenye steshenari ya dada yangu hapa Tanga inatumia Ubuntu, mfumo wa jamii ya Linux, na kwa muda mrefu kila ikiwashwa ilikuwa inaonyesha majina manne: la dada, la baba, "wateja" na "chelezo". Hilo la mwisho si la mtu. Nililifungua mimi ili kila usiku laptopu ya dada itume humo nakala za mafaili yake, maana alishawahi kupoteza hesabu za mwaka mzima kwa sababu ya diski iliyokufa.

Baba akija adhuhuri kusoma magazeti, hubofya jina lolote ambalo kipanya kimelifikia. Basi simu inaita: "Mwanangu, hii mashine imenikana." Nywila kaiandika sawasawa, ila kaiandika kwenye chelezo. Nilimwelekeza, nikarudia kumwelekeza, mpaka nikajiuliza kwa nini nimemwekea kiti barazani mtu asiyekuwepo.

Kuliondoa jina lile ni kazi ya dakika tano. Mimi ilinichukua karibu wiki.

Kwanza nilijaribu kwenye laptopu yangu, ambayo ina Xubuntu, ndugu yake Ubuntu, na skrini yake ya kuingilia ni LightDM. Nilifungua /etc/lightdm/users.conf, nikaongeza jina kwenye mstari wa hidden-users, nikawasha upya. Jina lipo palepale. Nusu siku nzima nilihangaika na mabano na nafasi, kumbe juu ya faili hilohilo kumeandikwa kwamba kama AccountsService, huduma inayotunza orodha ya watumiaji, imo kwenye mashine, mipangilio hii haisomwi. Nilikuwa nimeyaruka maelezo hayo kama tunavyoruka masharti ya mkopo.

Nikahamia kwenye namba. Ubuntu huwapa watu namba za utambulisho kuanzia 1000. Zilizo chini ya hapo ni za mfumo wenyewe, na skrini haizionyeshi. Nikaishusha chelezo kwa amri ya usermod -u 998, jina likatoweka, nikajipongeza. Nililosahau ni kwamba usermod hubadilisha umiliki wa mafaili yaliyo ndani ya folda ya nyumbani ya mtumiaji tu. Nakala za dada zilikuwa kwenye diski ya pili, nazo zikabaki mali ya namba ya zamani. Usiku ule laptopu ikanyimwa ruhusa ya kuandika, na usiku uliofuata vilevile. Siku ya tatu ndipo nikafungua kumbukumbu za mfumo nikaona. Kama unafungua akaunti ya namna hii leo, itengeneze kwa adduser --system --shell /bin/bash, ipate namba ndogo tangu mwanzo. Ikishakuwa na mafaili, iache na namba yake.

Kuna pia wanaoshauri kuibadilishia akaunti sheli, yaani programu inayopokea amri za mtumiaji akishaingia, iwe /usr/sbin/nologin. Jina litajificha, sawa, lakini nakala zangu zinakuja kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta kupitia mtandao, na SSH ikikutana na sheli hiyo humrudisha mgeni mlangoni.

Dawa iliyofanya kazi ni faili dogo la AccountsService, huduma ambayo GDM, skrini ya kuingilia ya Ubuntu, huiuliza orodha ya watu:

sudo nano /var/lib/AccountsService/users/chelezo

Ndani yake:

[User]
SystemAccount=true

Ukikuta faili lipo tayari na limeandikwa false, badilisha neno hilo tu. Halafu:

sudo systemctl restart accounts-daemon

Kama jina bado linaonekana, washa kompyuta upya. Usiiwashe GDM yenyewe upya mtu akiwa kazini. Itamtoa nje na barua aliyokuwa anaichapa.

Kwa wenye KDE, mwonekano mwingine wa Linux, na SDDM, skrini yake ya kuingilia, weka faili ndani ya /etc/sddm.conf.d/, kichwa chake [Users] na chini yake HideUsers=chelezo.

Sasa, usije ukadhani umefunga mlango. Chini ya majina kuna maandishi madogo yanayouliza kama jina lako halimo. Yabofye, andika chelezo na nywila yake, unaingia. Na yeyote aliye ndani akiandika getent passwd ataliona jina limekaa kama kawaida. Nywila ya akaunti iliyofichwa iwe ngumu kama ya akaunti nyingine yoyote.

Mtu akitaka lisionekane jina hata moja, GDM ina disable-user-list=true ndani ya /etc/gdm3/greeter.dconf-defaults. Kwenye ofisi yenye wageni wengi ningeiweka. Dukani sikuiweka, kwa sababu baba angelazimika kuandika jina lake kila siku, na simu zingeongezeka badala ya kupungua.

Windows nayo ina njia yake. Kwenye rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows, chini ya HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\Winlogon, unatengeneza funguo SpecialAccounts, ndani yake UserList, kisha DWORD, yaani kiingizo cha namba, yenye jina la akaunti na thamani 0. Angalia tu usimfiche msimamizi aliye peke yake. Dirisha linaloomba idhini ya msimamizi nalo humficha, kwa hiyo ukiwa kwenye akaunti ya kawaida hupati hata mahali pa kuandika nywila yake. Bakiza msimamizi mmoja anayeonekana.

Akaunti ikifichwa kwa njia ya AccountsService hupotea pia kwenye mipangilio ya watumiaji, kwa hiyo fundi atakayekuja baada yangu ataapa kwamba haipo. Nimeliandika jina lake, na mahali lilipo lile faili, kwenye daftari la risiti ndani ya droo ya kaunta. Nywila sikuiandika humo.