Pedi za mashindano kwenye mlima wa Shelsley Walsh: nifunge au niache?

SWALI: Mimi ni Mtanzania, naishi Birmingham. Nina Mazda MX-5 ya mwaka 2001 ninayoendea kazini, na nimejiandikisha kupanda mlima wa Shelsley Walsh, mashindano ambayo gari moja moja hupanda likishindana na saa, katika daraja la magari ya barabarani. Rafiki yangu anasisitiza nifunge pedi za breki za mashindano, eti za kawaida zitaungua. Je, ni kweli? Na upepo wa tairi nipunguze?

JIBU: Ndugu yangu, usifunge. Pedi hizo zitakunyima breki siku unayozihitaji.

Najua hofu hiyo inatoka wapi. Kwetu mlima ukitajwa mtu anaikumbuka Kitonga, lori linashuka na harufu ya breki imelitangulia. Lakini huko gari linashuka, na breki ndizo zinazobeba kazi ya kulizuia muda wote. Shelsley unapanda tu. Njia ni yadi 1,000, yaani mita 914, na kutoka chini hadi juu unainuka kama mita 100. Ukiachia mafuta, mlima wenyewe unakushika.

Tupige hesabu. Gari pamoja na wewe ni kilo 1,100 hivi. Tuseme unaifikia Bottom Ess, ile kona ya kushoto yenye kubana, kwa kilomita 100 kwa saa, ukapunguza hadi 60. Nishati inayogeuka joto ni kama kilojuli 270, na diski za mbele zinapokea sehemu kubwa, tuseme asilimia 70. Kama kila diski ina kilo 5, joto lake linapanda nyuzi 40 tu. Inafuata kona ya Top Ess, halafu umemaliza. Unaanza na diski za baridi ya asubuhi ya Worcestershire, na unafika juu hata nyuzi 150 hujazigusa. Pedi nyingi za mashindano huanza kushika sawasawa baada ya hapo.

Haya yalinikuta. Mwaka wangu wa kwanza nilifunga pedi za namna hiyo. Kwenye mpando wa mazoezi nikakanyaga mahali pale pale nilipozoea, gari likaendelea kwenda kana kwamba sijakanyaga kitu. Niliingia kona nimechelewa, nikapanda majani ya ukingoni. Jioni ile nilirudisha pedi za kawaida.

Fedha yako ipeleke kwenye mafuta mapya ya breki kama yaliyomo yamepita miaka miwili, na uhakikishe pedi ulizonazo bado ni nene na pedali ni ngumu mguuni.

Kuhusu upepo: wanaokimbia kwenye uwanja wa mzunguko huanza na upepo mdogo kwa sababu tairi zikipata joto presha hupanda. Wewe utapanda kwa sekunde 40 hivi, tairi hazitapata joto la maana. Kwa hiyo weka presha ile ile unayotaka kukimbia nayo. Anza na ya kiwandani, pakaa chaki kwenye bega la tairi, yaani pale uso unapokutana na ubavu, kisha baada ya kila mpando tazama imefutika hadi wapi. Ikifutika mpaka ubavuni, tairi inalala, ongeza. Ikibaki begani bila kuguswa, punguza psi 1 ujaribu tena.

Kinachokula muda wako hasa ni uzito. Kuinua kilo 1,100 mita 100 kwa sekunde 40 kunahitaji kilowati 27, yaani nguvu farasi kama 36, kabla hujaongeza mwendo hata kidogo. Toa tairi ya akiba, jeki na mazulia. Wakaguzi wenyewe hawataki kitu kinachocheza ndani ya gari. Petroli usiishushe chini ya robo tangi, maana kwenye kona kali inakimbilia upande mmoja na injini inakosa.

Kwa ukaguzi, soma mapema kanuni za mwaka huu za Motorsport UK, chama kinachosimamia mashindano ya magari Uingereza. Watu wengi hukwama kwa vitu vidogo: waya hasi wa betri usiowekewa alama ya njano, swichi ya injini isiyoonyesha upande wa kuzima, au kukosa kile kibao cheusi cha mbele kinachokata mwali wa mwanga wa saa.

Kibao hicho ndicho kinachoanzisha muda. Pale mwanzoni msimamizi ataweka kigingi nyuma ya gurudumu, hivyo huhitaji hendibreki. Taa ya kijani ikiwaka hujaanza kuhesabiwa. Saa inaanza gari linapokata mwali. Usikurupuke. Pandisha injini taratibu, achia klachi kiasi cha tairi za nyuma kuteleza kidogo tu, ndivyo uondoke.