Maswali yenu kuhusu lupasi: namba ya kompyuta inasema nini?

Mwezi uliopita nilieleza jinsi kliniki za lupasi zinavyotumia programu ya kompyuta kujua kama ugonjwa umeamka au umetulia. Lupasi, kwa wanaoisikia leo kwa mara ya kwanza, ni kinga ya mwili kumgeukia mwenyewe na kushambulia ngozi, maungio, figo, damu, hata ubongo. Maswali yamekuja mengi. Nimechukua matano.

Daktari alijaza kompyuta akaniambia, "SLEDAI yako ni 12, mwezi wa tatu ilikuwa 6." Ina maana ugonjwa umeongezeka mara mbili? (Mama wa watoto wawili, Dodoma)

Hapana, mama. SLEDAI ni orodha ya dalili na vipimo 24 iliyoandaliwa Toronto, Kanada. Toleo linalotumika sana, SLEDAI-2K, ni la mwaka 2002. Kila dalili ina uzito wake. Degedege la lupasi lina alama 8. Maungio mawili au zaidi yakivimba na kuuma, 4. Protini kwenye mkojo ikizidi nusu gramu kwa siku, 4. Vipele vya lupasi 2, nywele kunyonyoka 2, homa 1. Kompyuta inajumlisha tu. Hiyo 12 yako inaweza kuwa maungio, mkojo, vipele na nywele kwa pamoja. Mwenzako anaweza kuwa na 8 tu, ndogo kuliko yako, lakini yote imetokana na degedege na usiku huo analala wodini.

Siku nyingine daktari akikutajia namba, muulize imetoka wapi. Kama kuna alama za figo ndani yake, hapo ndipo mazungumzo yenu yaanzie. Na ukitaka kujua mnakoelekea: kipimo cha ugonjwa kutulia kilichotolewa mwaka 2016 na madaktari wa Asia na Pasifiki kinataka SLEDAI-2K isizidi 4, pasiwe na kiungo kikubwa kinachoshambuliwa, na prednisoloni, ile dawa ya steroidi ya kutuliza kinga ya mwili, isizidi miligramu 7.5 kwa siku.

Shikamoo. Dada yangu anashindwa hata kuinuka kitandani kwa uchovu, lakini kliniki wanasema alama zake ni 0. Nyumbani wameanza kusema anajidekeza. (Mombasa)

Marahaba. Waambie nyumbani hivi: uchovu haumo kwenye SLEDAI. Haumo kabisa, wala hauna hata alama moja. Hata angebebwa mgongoni kuletwa kliniki, programu ingeandika 0, kwa sababu hakuna aliyeiambia iulize. Uchovu ni miongoni mwa malalamiko ninayoyasikia zaidi kwa wagonjwa wa lupasi, na unaweza kuendelea hata ugonjwa ukiwa umetulia. Apimwe damu na tezi ya shingo, aulizwe anavyolala na kama ana huzuni au msongo wa mawazo. Hajidekezi, na naomba asiambiwe hivyo tena.

Sisi ni hospitali ndogo, wagonjwa wa lupasi hawafiki thelathini. Kijana wetu wa takwimu ametutengenezea SLEDAI kwenye Excel. Inatosha? (Afisa tabibu, Shinyanga)

Inaweza kutosha, na nawapongeza kwa kuanza. Ila fungueni faili hilo leo na mjaribu jambo moja. Andikeni mgonjwa wa kubuni, msijaze kipimo chochote, kisha mtazame jumla.

Nimeona faili la namna hiyo likimpa mtu alama ambaye hajatolewa hata tone la damu. Fomula ya chembe sahani, zile zinazogandisha damu, ilisema: zikiwa chini ya 100, weka 1. Kisanduku kikiwa kitupu, Excel inakisoma kama 0, na 0 ni chini ya 100, basi mgonjwa anapata alama. Upande wa mkojo mambo yanageuka: kisanduku kitupu cha protini kinasomwa kuwa protini hakuna, na mgonjwa mwenye figo zinazoumia anaonekana mzima. Kosa hili la pili linaumiza zaidi kwa sababu halimshtui mtu.

Kwa hiyo kila kipimo kiwe na majibu matatu: kipo, hakipo, hakikupimwa. Jumla ionekane pamoja na idadi ya visivyopimwa. Najua kupima komplimenti (protini za kinga zilizomo kwenye damu) na kingamwili zinazoshambulia DNA ni ghali na sampuli mara nyingi husafirishwa mbali. Andikeni ukweli huo, msiufunike kwa sifuri. Wekeni na tarehe ya kila kipimo, maana SLEDAI-2K inaangalia siku 10 au 30 zilizopita, na majibu ya mwezi wa pili hayana kazi mwezi wa saba.

Jambo la pili linawahusu ninyi wa Shinyanga hasa. Damu kwenye mkojo ina alama 4, lakini ni pale tu sababu nyingine zikishaondolewa. Kwenu kuna kichocho cha mkojo. Homa nayo inahesabiwa ikiwa si ya maambukizi, na malaria mnaijua. Programu iwalazimishe kujibu, "Kichocho kimeangaliwa? Malaria imepimwa?" kabla ya kukubali alama. Bila swali hilo mtampandishia mtu steroidi kwa ugonjwa wa kichocho.

BILAG, kipimo kingine cha lupasi cha Waingereza, iacheni kwa sasa. Inapima mifumo tisa ya mwili, kila mmoja na herufi yake kuanzia A hadi E, na hesabu zake ni nzito kiasi kwamba wenyewe walitengenezewa programu, BLIPS.

Protini yangu ilikuwa gramu 4 kwa siku, sasa ni 0.8. Nimefurahi, lakini alama haijashuka hata kidogo! (Nairobi)

Furahi tu, umepona sehemu kubwa. SLEDAI-2K inajua "imezidi nusu gramu" au "haijazidi". Gramu 4 na gramu 0.8 zote zimezidi, kwa hiyo zote zinapata alama 4. Ndiyo maana Wareno walitoa SLE-DAS mwaka 2019, ambayo inaingiza kiasi chenyewe cha protini, na kikokotoo chake kipo mtandaoni. Mwombe daktari akuchoree grafu ya protini peke yake.

Programu ya simu imeniambia lupasi imepanda. Niongeze prednisoloni mwenyewe? (Kijana, Arusha)

Hapana, kaka. Usiongeze wala usiache ghafla; kuacha ghafla baada ya kuitumia muda mrefu kunaweza kukuangusha. Simu haioni mkojo wako. Itumie kwa inachokiweza: tarehe maungio yalipovimba, joto la mwili, siku uliyokosa dawa, na picha ya kipele siku kilipotoka. Kwenye ngozi yetu nyeusi kipele cha lupasi mara nyingi hakiwi chekundu, huwa cha zambarau au cheusi zaidi ya ngozi, na wiki mbili baadaye daktari wa kliniki anabaki na doa tu la kuangalia. Picha ipigwe dirishani, mchana, bila taa ya simu. Kabla hujaiweka kwenye programu, soma nani mwingine ataiona. Sheria yetu ya Tanzania ya taarifa binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kuuliza.

Uso ukivimba asubuhi, mkojo ukitoa povu, kifua kikibana au ukianza kuchanganyikiwa, usingoje simu ikokotoe. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na mkojo upimwe kabla hujatoka.