Goti langu lilitibiwa kwenye paja

Swali la wiki liliuliza: je, maumivu ya magoti uzeeni yanaweza kuisha bila upasuaji, na waliopitia hali hiyo walifanyaje?

Yanaweza kupungua hadi ukarudi kwenye shughuli zako, ingawa picha ya eksirei itabaki ileile. Nina miaka 67, naishi Tanga, na goti langu la kulia limesagika. Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa gotini, likishalika halioti tena, kwa hiyo anayekuuzia dawa ya "kurudisha ute" anakuuzia maneno. Bamia na mlenda nimekula sana, kama kila mwenye magoti mtaani kwetu. Ni mboga nzuri, ila zinaishia tumboni.

Nyumbani shauri lilikuwa moja tu: pumzika. Wanangu, kwa mapenzi yao, walininyang'anya ufagio, ndoo, hata mbuzi ya kukunia nazi. Nikawa mtu wa barazani, na kadiri nilivyokaa ndivyo goti lilivyozidi kukaza. Hospitali nikapelekwa kwa binti wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi. Goti hakuligusa kwanza. Alichukua futi kama ya fundi cherehani, akanipima mapaja yote mawili, akanionyesha: la kulia limenywea. "Bibi, msuli huu ndio unaobeba goti. Ukilegea, mzigo wote unaangukia kwenye mfupa."

Mazoezi yenyewe hayana gharama. Unakaa kwenye kiti, unanyoosha mguu mbele hadi unyooke kabisa, unaushikilia ukihesabu mpaka kumi, kisha unaushusha polepole. Huko kushusha polepole ndiko kwenye kazi. Halafu unainuka kitini na kukaa tena bila kujishika mikono. Mwanzoni niliweka mto kitini ili nisiteremke sana. Goti litauma kidogo, na hapo ndipo wengi wanaacha. Alinipa kipimo: maumivu yakitulia kabla ya kesho yake saa kama hizo, endelea, yakizidi, punguza, usiache. Nafuu haikuja wiki ya kwanza wala ya pili. Nilipoanza kuinuka bila kusema "yallah" ndipo nilipojua kuna kitu kimebadilika.

Uzito nao una neno lake. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2005, kwa wazee wanene wenye magoti mabovu, ulionyesha kwamba kila kilo moja anayopungua mtu inaliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua. Mimi nilipunguza wali wa usiku na sukari ya chai. Mkate wa kumimina sijauacha, tusidanganyane.

Fimbo ishikwe mkono ulio upande wa pili wa goti bovu. Naona wazee wengi wanaishika upande uleule unaouma, haiwasaidii inavyotakiwa. Ngazi: ukipanda tanguliza mguu mzima, ukishuka tanguliza mbovu. Chooni, kwa sisi wa vyoo vya kuchuchumaa, seremala alinitengenezea kiti chenye tundu katikati. Swala nasali kitini.

Vidonge vya maumivu vya kununua dukani bila cheti niliviogopa kwa sababu nina presha, na vingi vya jamii ya diklofenaki vinaipandisha, vinaumiza tumbo na figo. Jeli ya kupaka ya dawa hiyohiyo haiingii sana kwenye damu, daktari akaniruhusu. Sindano ya steroidi ya kuchomwa gotini inatuliza kwa muda, lakini kurudiarudia si salama kwa gegedu lililobaki. Jirani mmoja alinishauri nikasafishwe goti kwa kamera, yaani kuingiziwa kamera ndogo kupitia tundu dogo na kuoshwa goti kwa ndani. Jaribio lililofanyika Houston na kutangazwa mwaka 2002 liliwalinganisha waliosafishwa na waliochanjwa ngozi tu bila kusafishwa, na nafuu yao haikupishana.

Sisemi upasuaji ni mbaya. Mtu asiyelala usiku kwa maumivu, aliyejaribu yote haya kwa miezi kadhaa, kubadilishiwa goti kunaweza kumrudisha kwenye miguu yake. Na goti likivimba ghafla likawa la moto ukapata homa, au likikwama lisikunjuke, usifanye mazoezi yangu. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mbuzi ya nazi nimerudishiwa. Kimo chake ndicho kinachonishinda bado, kwa hiyo anakuna mjukuu, tui nakamua mwenyewe.