Bibi aliyepinda mgongo, mtoto anayevunjikavunjika: maswali yenu ya mifupa

Mvua zikishakolea huku kwetu, njia za mteremko za Rungwe na Makete zinakuwa utelezi mtupu, na simu yangu inajaa maswali ya mifupa. Nilihudumu wodi ya mifupa miaka mingi kabla ya kustaafu, na ninajua msimu huu unavyotuletea kina bibi waliovunjika nyonga. Leo nimechagua maswali saba, yaliyofanana nimeyaunganisha.

Ugonile, Sista. Bibi mzaa mama alipinda mgongo mpaka akawa anatazama chini. Mwaka jana mama, ana miaka 58, aliteleza tu akitoka kuchuma chai, akavunjika kifundo cha mkono. Mimi nina 34. Ni ugonjwa wa ukoo, au kuna mkono wa mtu? (Tukuyu)

Ndaga, mwanangu. Hakuna mkono wa mtu hapo. Mfupa ni kitu hai. Ndani yake zimo seli zinazobomoa sehemu iliyochakaa na nyingine zinazojenga mpya, usiku na mchana. Mpaka kukaribia miaka 30, wajenzi wanawazidi wabomoaji. Mwanamke akikoma hedhi, homoni ya estrojeni inashuka na wabomoaji wanatangulia. Kwa nje mfupa ni uleule, ila ndani unabaki kama sega lenye vyumba vipana na kuta nyembamba. Hiyo ndiyo osteoporosisi. Haiumi mpaka siku mfupa unapovunjika. Kwa wengine pingili za mgongo hubonyea zenyewe polepole, na inaelekea ndivyo bibi yako alivyopinda.

Ukoo una sehemu, tena kubwa. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya tofauti ya wingi wa madini ya mifupa kati ya mtu na mtu inatokana na vinasaba. Lakini usitafute jeni moja mbaya. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya watu 426,824 wa Uingereza, na maeneo 518 ya vinasaba yakaonekana kuhusika na uimara wa mfupa, kila moja likichangia kidogo sana. Watu hao walikuwa wa asili ya Ulaya. Kwa hiyo akitokea mtu wa kukuuzia kipimo cha DNA cha "hatari ya mifupa", kaa na hela yako. Hesabu zake hazikupigwa kwa watu wa kwetu.

Haya uliyoniandikia yanatosha kumpeleka mama hospitali. Mtu aliyepita miaka 50 akianguka kutoka kimo chake mwenyewe, si kutoka mtini wala kwenye bodaboda, kisha akavunjika, lazima achunguzwe. Kufungwa hogo na kurudishwa nyumbani hakutoshi. Kipimo cha kupima uzito wa mifupa kinaitwa DEXA, na alama ya -2.5 kushuka chini ndiyo Shirika la Afya Duniani linayoiita osteoporosisi. Mashine hizo ni chache, ila daktari anaweza kuanza na historia hiyo, picha ya mgongo na vipimo vya damu. Akimwandikia alendroneti, kidonge cha kupunguza ubomoaji wa mfupa, mama aimeze asubuhi kabla hajala, kwa glasi nzima ya maji (si chai, si maziwa), kisha akae wima nusu saa bila kulala. Kidonge hicho kikikwama kinaunguza njia ya chakula. Nimeona wengi wakikiacha kwa sababu tu hakuna aliyewaeleza hilo.

Kamwene, mama. Nasoma baiolojia hapa Iringa. Utafiti wa jeni umewahi kuleta dawa kweli, au unaishia kwenye makaratasi?

Kamwene, mwanangu. Umeleta, na hadithi yake imepita jirani hapa, Afrika Kusini. Kati ya Makaburu wa kule zipo familia zenye ugonjwa wa nadra uitwao sklerosteosisi. Mifupa yao inajengeka bila breki: taya linakua kubwa, wengine huzaliwa na vidole vilivyoungana, na fuvu linanenepa hadi linabana mishipa ya fahamu, mtu akapoteza usikivu au uso ukapooza. Wengine ubongo umebanwa wakafa wangali vijana. Lakini mifupa yao ni migumu mno kuvunjika.

Mwaka 2001 jeni yenye hitilafu ilijulikana, ikaitwa SOST. Kazi yake ni kutengeneza protini ya sklerostini, ambayo ndiyo breki yenyewe. Watafiti wakajiuliza: vipi tukiilegeza breki hiyo kwa muda tu, kwa mgonjwa ambaye mifupa yake imekwisha? Ikapatikana sindano ya romosozumabu, iliyoidhinishwa Japani na Marekani mwaka 2019. Inachomwa kila mwezi kwa mwaka mmoja, halafu mgonjwa anaendelea na dawa ya kuzuia ubomoaji ili asipoteze alichojengewa. Aliyepata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya mwaka uliopita hapewi.

Ni ghali, na kwa mgonjwa wa Kilolo au Mufindi bado iko mbali. Hata hivyo kila nikiifikiria nasimama kidogo. Familia chache zilizoteseka vizazi kwa vizazi ndizo zilizowaonyesha madaktari breki ilipo. Mwanangu, ukipata nafasi ya kuendelea na masomo, vinasaba vya mifupa ya Waafrika bado havijachimbwa vya kutosha. Njoo huku.

Sista, shikamoo. Mwanangu wa miaka minne amevunjika mara tatu, mara ya mwisho nilikuwa namvalisha tu. Weupe wa macho yake una rangi kama ya bluu. Hospitali waliniuliza kama nampiga. Nililia. (Mafinga)

Marahaba, mama. Swali lile wanalazimika kuliuliza kwa kila mtoto anayevunjika hivyo, kwa usalama wake, lakini najua lilivyokuchoma. Macho ya bluu pamoja na mifupa inayovunjika bila sababu ya maana yanatosha kushuku ugonjwa wa kuzaliwa wa mifupa dhaifu. Mara nyingi hitilafu iko kwenye jeni za COL1A1 au COL1A2, zinazotengeneza kolajeni. Mfupa una madini na kolajeni kama zege lenye nondo. Nondo zikiwa mbovu, zege linapasuka. Si lazima wewe au baba yake awe nao, maana hitilafu inaweza kuanza kwa mtoto mwenyewe. Hukula kitu kibaya ukiwa mjamzito, wala hukufanya kosa.

Omba rufaa kwa daktari bingwa wa mifupa, na picha zote za zamani uende nazo. Kuna dawa za dripu za kupunguza ubomoaji, zinazotumika kwa watoto hawa tangu miaka ya 1990, na mifupa mirefu huweza kuwekewa vyuma ndani. Nyumbani usimnyanyue kwa kumvuta mikono wala kumshika kwapani. Mwinue kwa kumkinga matako na mgongo. Akivaa, anza na mkono au mguu uliowahi kuvunjika. Usimfungie kitandani, misuli ikilegea mifupa inazidi kudhoofu. Na ugonjwa ukithibitishwa, mwombe daktari barua inayoutaja, utembee nayo ili usiulizwe tena upya kila unapokwenda.

Natumia dawa za kufubaza virusi, na nimesikia zinakula mifupa. Niache? (Njombe)

Usiache hata siku moja. Tenofoviri iliyo ndani ya kidonge chako hupunguza uzito wa mfupa, kwa kawaida asilimia 1 hadi 3 katika mwaka wa kwanza au wa pili, kisha hali inatulia. Virusi vyenyewe vikiachwa navyo vinadhoofisha mfupa, na mwili wote. Waeleze CTC (kliniki unakochukulia dawa) kama umekoma hedhi, umewahi kuvunjika, unavuta sigara au una tatizo la figo, wapime kama unahitaji kubadilishiwa. Na kama ulanzi unakunywa kila jioni, punguza. Pombe nyingi inadhoofisha mifupa na inaangusha.

Magoti yanasagika. Maji ya bamia yanaongeza ute? (Uyole) Na aliyevunjika mguu apewe supu ya kongoro? (Kyela)

Bamia ni mboga nzuri, lakini ute wake unaishia tumboni, hauendi gotini. Tena magoti kusagika ni ugonjwa wa viungo, si osteoporosisi. Kupunguza uzito na kuimarisha misuli ya mapaja kutakusaidia kuliko bamia.

Supu ya kongoro haina kalisi nyingi kama watu wanavyodhani, kwa kuwa madini yanabaki kwenye mfupa mnaoutupa. Ndugu yangu wa Kyela, ziwa mnalo: usipa mkavu unaoliwa na mifupa yake unampita kongoro kwa mbali. Ongeza ugali au uji wa ulezi na maziwa ya Rungwe. Jua nalo ni muhimu kwa vitamini D. Utafiti uliochapishwa 2012 uliwapima Wamasai na Wahadzabe wa hapa Tanzania, watu wa kushinda nje, wakakutwa na wastani wa nanomoli 115 kwa lita, kiwango kizuri sana. Wasiwasi wangu ni kwa wazee wetu wa Makete na Njombe wanaoshinda jikoni kandokando ya moto, wamejifunika kwa ajili ya baridi. Watoeni nje jua likiwaka.

Mume wangu ana miaka 45. Mgongo umetoka kinundu, anatoka jasho usiku, amekonda, na sasa miguu inakufa ganzi. Watu wanasema ni mifupa ya uzee. (Tunduma)

Dada, miaka 45 si uzee, na dalili hizo si za osteoporosisi. Zinafanana na TB ya uti wa mgongo, na miguu kufa ganzi ina maana kuwa neva zimeanza kubanwa. Mpeleke leo. Dawa za TB zinatolewa bure, na kwa mgongo huchukua muda mrefu kuliko ile miezi sita ya mapafu. Akiwahi, miguu inaweza kurudi. Akichelewa, huenda isirudi. Msimpakize bodaboda. Tafuteni gari, alazwe chali mahali pagumu palipo sawa, mgongo usikunjwe, mpaka afike.