Wembe wa kale safarini: mwenzenu nimenyolewa, nanyi tieni maji

Wembe wa kwanza niliouuza nje ya nchi ulifika Uingereza una kutu. Si ile kutu ya kahawia iliyotulia, ya miaka mia, ambayo wakusanyaji huiheshimu. Ilikuwa kutu mbichi, rangi ya chungwa, umri wake wiki tatu. Mnunuzi alikuwa mstaarabu, hakunitukana. Alinitumia picha na swali moja tu: niliutuma ndani ya maji?

Nikakaa barazani kujihesabia makosa. Nilikuwa nimeufuta, nimeupaka mafuta ya nazi kama alivyokuwa akifanya marehemu babu, nimeuviringisha pamba, nikautia kwenye mfuko wa nailoni na kuuziba kwa selotepu raundi nne ili maji yasiingie. Na kweli maji hayakuingia. Yalikuwemo tangu hapa Unguja. Ulikuwa mwezi wa Aprili, masika yamekolea, hewa yenyewe ukiikamua inatoa maji, nami nikaifungia hewa hiyo chumba kimoja na chuma. Mzigo ulitoka huku kwenye joto la nyuzi 30, ukaenda kupoa safarini, mvuke ukageuka matone, na matone hayakuwa na pa kukaa ila juu ya wembe.

Ndiyo maana nikisikia mtu anailaumu posta kabla hata hajafungua boksi, huwa namuuliza kwanza: ndani ulitia nini? Mengi yanayouharibu wembe njiani huwa tumeyafunga sisi wenyewe.

Ninazozungumzia hapa ni zile nyembe za kukunja za vinyozi wa zamani, si viwembe vya dukani. Babu alikuwa kinyozi Mji Mkongwe, akaacha sita: nne za Sheffield, Uingereza, na mbili za Solingen, Ujerumani. Nyingine nimeziokota moja moja, kwenye masanduku ya watu wanaohama nyumba na kwenye maduka ya vitu vya kale kule Gizenga. Zote zina tabia moja: mgongo mnene, tumbo lililochongwa likabonyea, na makali membamba kiasi kwamba ukiyapiga ukucha unasikia yanalia. Chuma chembamba namna hiyo hakipindi. Kikigongwa kinameguka, kama sahani.

Turudi kwenye unyevu, maana hapo ndipo penye kazi. Kwanza mafuta ya nazi yaacheni jikoni. Nilizinduliwa na jirani yangu fundi cherehani, mzee wa makamo, aliyenikuta napaka. Akaniambia, "Mwanangu, chuma na mafuta ya chakula, wapi na wapi?" Nikacheka. Nilipotuma wembe wa pili, Ujerumani, nikaacha kucheka: mafuta ya nazi huganda kwenye baridi ya chini ya nyuzi 24 hivi, na mnunuzi alipofungua akakuta utando mweupe, akadhani ni ukungu. Yale ya kupika nyumbani kwa tui yana ubaya zaidi, huwa yamebaki na maji yake ndani. Sasa natumia mafuta ya cherehani. Tone moja nalipaka kwa kitambaa pande zote mbili, na tone jingine nalipeleka kwenye pini kwa kijiti cha meno, kwa sababu maji hupenda kujificha pale wembe unapoungana na mpini, mahali ambapo jicho halifiki. Ukishapaka, usiuguse tena kwa kidole. Jasho lina chumvi, na alama ya dole gumba huweza kujichora kwa kutu juu ya chuma, mistari yote.

Pamba nayo niliiacha, hunywa unyevu kama sifongo. Nachukua kipande cha kanga iliyofuliwa hadi ikalainika, nakipiga pasi ya moto hapo hapo kabla ya kukitumia, kinakauka kweli kweli. (Kuna mteja aliwahi kupata kipande chenye nusu ya jina la kanga, akaniandikia akitaka kujua maana yake. Nilimfasiria nusu aliyokuwa nayo.) Magazeti msitumie, yanavuta unyevu na wino wake hutoka. Mkoba wa ngozi ni mzuri kwa picha tu, ngozi hutunza unyevu na dawa zake za kutengenezea hukila chuma. Mipira ile ya kufungia pesa ina salfa, huacha doa, na kwenye joto huyeyuka ikagandia.

Vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya msivitupe. Hunyonya unyevu vizuri sana. Ila kifuko kilichokaa wazi kabatini miezi sita kimeshashiba, ukikitia kwenye boksi unatia mzigo mtupu. Mimi navihifadhi kwenye kopo la maziwa lenye mfuniko unaobana. Na nafungasha mchana, saa nane au tisa, jua likiwa limewaka, siku isiyo na mvua. Asubuhi na usiku hewa yetu ina umande mno.

Kabla ya kuziba kitu chochote, chunguza mpini. Nyembe nyingi za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa ya 20 zina mpini wa seluloidi, plastiki ya kale iliyokuwa ikiigiza pembe za ndovu, gamba la kasa, hata marumaru. Namna ya kuijua ni rahisi: sugua mpini kwa dole gumba hadi upate joto, kisha unuse. Ukinusa karafuu maiti, ni yenyewe. Hakuna Mswahili atakayeikosa harufu hiyo. Karafuu maiti ndiyo iliyochanganywa wakati wa kuitengeneza. Seluloidi ikizeeka vibaya hutoa mvuke wa tindikali, na mvuke huo hukila chuma kuanzia pale kinapolala ndani ya mpini. Ukiona kutu imeanza upande wa mpini huku mgongo ni msafi, na mpini wenyewe una nyufa ndogo ndogo au umelegea, basi usiuzibe ndani ya nailoni, na usiufungashe pamoja na wenzake, utawaambukiza. Uuvike kitambaa na karatasi tu, upumue. Na msijaribu kuupima kwa kiberiti kama nilivyoona mtu akifanya. Seluloidi hushika moto kwa kasi ya ajabu.

Kosa langu la pili lilikuwa la hapa hapa nyumbani. Nilimtumia binamu yangu Wete wembe mmoja kwa boti, ndani ya bahasha nene yenye malengelenge ya hewa. Wembe wa kukunja hauna kufuli. Kinachouzuia usifunguke ni msuguano wa pini tu, na pini ya miaka mia moja imeshalegea. Baina ya bandari yetu ya Malindi hapa Unguja na Mkoani kule Pemba, na baadaye kwenye gari hadi Wete, ulifunguka kidogo kidogo, ncha ikatoboa bahasha, na binamu alipoupokea ukamchanja kidole. Makali nayo yalimeguka mahali pawili. Akanipigia simu: "Ungenitumia na bandeji basi."

Kwa hiyo sasa nakunja karatasi nyeupe kavu mara mbili, naiweka juu ya makali kama tandiko juu ya punda, kisha ndiyo nafunga wembe taratibu. Mipini ya pembe ya ng'ombe hupinda kwa uzee, na makali yakigusana na upande mmoja yanaharibika hata kama wembe haukutikisika. Halafu nazungusha ukanda wa kitambaa pale katikati, naufunga kwa uzi wa pamba. Ubane kiasi cha kuzuia tu. Ukikaza sana mpini mkavu unapasuka pale kwenye pini. Selotepu isiguse mpini wala chuma, gundi yake ikikauka hutoka na ngozi.

Kisha bomba. Hili sikulisoma popote, nimelipata kwa kutazama mafundi wa maji: kipande cha bomba la plastiki la inchi moja na nusu, urefu wa sentimita 20. Wembe uliokunjwa hauzidi sana sentimita 16, unaingia na nguo zake. Ncha zote mbili unaziba kwa kitambaa kilichosokotwa, halafu utikise sikioni. Ukisikia chochote, hujamaliza. Bomba hata likikaliwa na gunia la mchele halibonyei. Bomba ndani ya boksi, boksi lijazwe karatasi zilizokunjwakunjwa pande zote sita, na hapo nje selotepu tumieni mpendavyo.

Mipini ya pembe za ndovu na ya gamba la ng'amba msiitume. Chini ya CITES, mkataba wa mataifa wa kulinda wanyama na mimea iliyo hatarini, biashara ya vitu hivi baina ya nchi na nchi imebanwa sana, ndovu wetu wa Afrika tangu uamuzi wa mwaka 1989, na Uingereza wakaongeza sheria yao ya mwaka 2018 iliyoanza kutumika 2022. Vibali vya vitu vya kale vipo, lakini bila kibali mkononi mzigo unakamatwa, na pengine nawe. Pembe halisi ukiitazama kwenye ncha utaona mistari inayokatana kama wavu. Seluloidi ya kuigiza mistari yake hukimbia sambamba. Mmoja wa babu ni wa pembe. Huenda jino lile lilipita bandari yetu hii likiwa zima, karne ile Zanzibar ilipokuwa soko kubwa la pembe, likaenda kuchongwa Ulaya, likarudi limekuwa mpini. Sasa haliondoki tena.

Posta mambo ni mepesi. Usizibe kabisa kabla ya kufika kaunta, maana huenda wakataka kuona. Kwenye fomu ya forodha andika ukweli: wembe wa kale wa kunyolea, idadi, thamani halisi. Niliwahi kuandika "zawadi" ili kumrahisishia mteja, mzigo ukazuiliwa mwezi mzima. Kama wembe umepita miaka 100 utaje umri wake, vitu vya kale vya umri huo vina fungu lao la ushuru, 9706. Nchi ikiwa imechongwa kwenye chuma, mara nyingi ni wa baada ya 1891, Marekani ilipoanza kudai jina la nchi kwenye bidhaa za kutoka nje. Ndani ya boksi, juu kabisa, weka karatasi ya kumwambia afunguaye kwamba kuna kitu kikali na upande gani wa kuanzia. Na kama unasafiri nao mwenyewe, uende kwenye begi la kupakiwa chini, umevishwa vizuri. Mkononi hawaupitishi.

Kitu cha mwisho namwandikia mnunuzi siku mzigo unapofika: asifungue bado. Boksi lililotoka kwenye baridi likifunguliwa ndani ya chumba chenye joto, chuma hutoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Aliache sebuleni hadi kesho yake, lizoee. Mmoja alinijibu kwa hasira kidogo kwamba amesubiri wiki tano, na leo boksi liko mezani mbele yake, namwambia asubiri tena?

Nikamwambia ndiyo, hadi asubuhi.