Spika za sakafuni: nichukue jozi kubwa au nyembamba?

SWALI

Mtaalamu, salaam. Nina chumba cha kusikilizia muziki chenye urefu wa mita 4.2, upana wa mita 3.4 na dari la kimo cha mita 2.7. Amplifaya yangu inatoa wati 60 kwa kila upande kwenye omu 8. Nimechuja spika za kusimama sakafuni mpaka nimebaki na jozi mbili, na hapo nimekwama. Jozi ya kwanza ni kubwa: kila spika ina wufa (kipaza cha besi) mbili za sentimita 20 na twita (kipaza cha sauti nyembamba za juu) moja, ukinzani wa umeme wa omu 4, usikivu wa desibeli 90, besi inayoshuka hadi hezi 32, na tundu la hewa liko nyuma. Mgawanyo kati ya wufa na twita, yaani pale wufa inapoiachia twita kazi, uko kwenye hezi 2,800. Jozi ya pili ni nyembamba: wufa mbili za sentimita 16, spika ya sauti za kati ya sentimita 13 na twita, omu 8, desibeli 88, besi hadi hezi 43, na tundu liko mbele, chini. Dukani jozi ya kwanza ilisikika kuwa na uhai zaidi. Nyumbani siwezi kuacha nafasi ya zaidi ya sentimita 30 kati ya spika na ukuta, na kochi langu limeegemea ukuta wa nyuma. Nichukue ipi?

JIBU

Ndugu msomaji, nashukuru kwamba umetaja vipimo vya chumba na mahali pa kochi, kwa maana wengi huandika majina ya spika peke yake, na bila chumba swali la spika halijibiki. Kwa chumba hicho, kwa amplifaya hiyo na kwa sentimita 30 hizo, chukua jozi ya pili.

Nianze na besi, kwa sababu ndiyo inayowavuta watu kwenye maboksi makubwa. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Wimbi la besi linapogonga ukuta na kurudi, kuna masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde, inayopimwa kwa hezi) ambayo wimbi linalokwenda na linalorudi huimarishana, na ya kwanza kati ya hayo hupatikana kwa kugawanya 343 kwa urefu wa chumba uliozidishwa mara mbili. Kwa urefu wa mita 4.2 tunapata hezi 41, kwa upana wa mita 3.4 tunapata hezi 50, na kati ya sakafu na dari tunapata takriban hezi 64. Kwenye masafa hayo matatu chumba chako kitavuma chenyewe, spika yoyote utakayoweka. Sasa tazama bahati mbaya iliyopo hapa: uzi mnene kuliko yote wa gitaa la besi la nyuzi nne, usipobanwa, hutoa hezi 41. Kila mpigaji atakaporejea kwenye noti hiyo, chumba kitaikuza na kuirefusha, nayo itafunika noti zinazoifuata.

Jozi ya kwanza bado ina nguvu kamili kwenye hezi 41, na kwa kuwa iko karibu na ukuta itaongezewa. Ukuta mmoja ulio karibu unaweza kuipandisha besi ya chini kwa hadi desibeli 6, kwa sababu nishati ambayo ingesambaa nyuma ya boksi hurudishwa mbele. Jozi ya pili huanza kulegea kwenye hezi 43, na kile inachopoteza hapo ukuta utairudishia sehemu kubwa. Hezi 32 zilizoandikwa kwenye karatasi zinakupa sifa ambayo chumba chako hakiihitaji. Tena, soma maandishi madogo yaliyo kando ya tarakimu hiyo: kiwanda kimoja hutaja masafa ambayo sauti imeshuka kwa desibeli 3, kingine hutaja ambayo imeshuka kwa 6, na kingine hungoja mpaka ishuke kwa 10. Hezi 32 kwa kipimo cha desibeli 10 na hezi 43 kwa kipimo cha desibeli 3 zinaweza kuwa besi zinazokaribiana sana masikioni.

Tundu la nyuma linaongeza ugumu. Boksi lenye tundu hutumia hewa iliyomo ndani na ile iliyo kwenye bomba la tundu kama mtambo wa pili wa kutoa besi, na hesabu yake tumeirithi kutoka kwa A. Neville Thiele, aliyeichapisha Australia mwaka 1961, na Richard Small aliyeiendeleza miaka ya 1970. Tundu hilo linahitaji nafasi ya kupumua. Sentimita 30 zinatosha hewa kupita, lakini hazitoshi kukupa uhuru wa kusogeza spika mbele na nyuma ukitafuta mahali ambapo besi inatulia, na uhuru huo ndio dawa ya kwanza ya chumba kinachovuma.

Tuje kwenye umeme, ambako karatasi za mauzo hupotosha hata watu makini. Usikivu wa spika hupimwa kwa kuipa volti 2.83 na kupima sauti mita 1 mbele yake. Kwenye spika ya omu 8, volti 2.83 ni wati 1. Kwenye spika ya omu 4, volti hizohizo ni wati 2, na kila nguvu inapoongezeka maradufu sauti hupanda kwa desibeli 3. Kwa hiyo desibeli 90 za jozi ya kwanza, zikipimwa kwa wati 1 halisi, ni 87, ilhali desibeli 88 za jozi ya pili zinabaki 88. Jozi inayoonekana kuwa na sauti zaidi ndiyo inayokula umeme zaidi kwa sauti ileile.

Isitoshe, omu 4 ni tarakimu ya jumla tu. Ukinzani hupanda na kushuka kulingana na masafa, na kanuni ya kimataifa inaruhusu ushuke hadi asilimia 80 ya tarakimu iliyotajwa, yaani hadi omu 3.2 kwenye spika ya omu 4. Nenda nyuma ya amplifaya yako, usome maandishi yaliyo kando ya vifungio vya waya za spika. Ikiwa pameandikwa omu 6 hadi 16, au 8 hadi 16, jozi ya kwanza iko nje ya mipaka yake, na ukipandisha sauti kwa muda mrefu amplifaya itapata joto au itajizima.

Hapa ndipo penye jibu la ule uhai uliousikia dukani. Kitufe cha sauti kikiachwa mahali pamoja, amplifaya huzipa jozi zote mbili volti zilezile, na jozi ya kwanza hutoka ikiwa juu kwa desibeli 2. Tofauti ndogo kiasi hicho sikio haliitambui kama ukubwa wa sauti. Hulitafsiri kama besi iliyoshiba, uwazi, uchangamfu. Sisemi kwamba ulichosikia si cha kweli. Nasema huwezi kujua kilitokana na spika au na desibeli 2 hizo. Omba tena kusikiliza: chezesha mvumo wa majaribio wenye masafa yote, weka simu yenye programu ya kupima sauti pale penye kichwa chako, na usawazishe sauti za jozi hizo mpaka zisome sawa, tofauti isizidi nusu desibeli. Programu ya simu haiaminiki kwa tarakimu kamili, ila kwa kulinganisha sauti mbili mahali pamoja inafaa. Kisha sikiliza sauti ya mtu anayeimba au kuzungumza, maana sikio linaijua kuliko ala yoyote.

Jambo ambalo binafsi nalipa uzito mkubwa kuliko yote, na ambalo halimo kwenye barua yako kwa sababu karatasi za mauzo hazilitaji, ni jinsi spika inavyosambaza sauti pembeni. Chumbani husikii spika peke yake. Unasikia sauti inayokuja moja kwa moja, na mara tu baada yake ile iliyogonga kuta za kando, sakafu na dari. Floyd Toole, aliyefanya kazi miaka mingi katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, pamoja na Sean Olive, waliwaketisha wasikilizaji mbele ya spika ambazo hawakuziona, na wakaonyesha kwamba watu hupendelea spika ambayo sauti yake ya mbele ni tambarare na ile ya pembeni inapungua taratibu bila mabonde. Kutokana na kazi hiyo ndiyo kukapatikana kiwango cha Marekani kiitwacho CTA-2034, ambacho huipima spika katika pembe 70 badala ya pembe moja ya mbele.

Sasa fikiria wufa ya sentimita 20 inayopeleka sauti hadi hezi 2,800. Ufikapo hezi 2,000, wimbi la sauti lina urefu wa sentimita 17 tu, unaokaribia upana wa kile kikombe kinachotikisika, na kuanzia hapo wufa huacha kusambaza na kuanza kumulika mbele kama tochi. Kisha twita ndogo inapokea ghafla na kusambaza sauti kila upande. Matokeo yake ni kwamba sauti ya pembeni ina bonde chini ya hezi 2,800 na kilima juu yake, na katika chumba chenye upana wa mita 3.4 kuta za kando zitakurudishia bonde na kilima hicho kwa wingi. Ukiinamisha kichwa au kuhama kiti, mwimbaji anabadilika. Jozi ya pili ina spika ya sentimita 13 kwa ajili ya sauti za kati, inayoendelea kusambaza vizuri mpaka karibu na hezi 3,000, na hivyo inampokeza twita bila mshtuko. Ukiweza kupata grafu za vipimo vya pembeni za jozi zote mbili, zisome kabla ya kulipa. Zina thamani kuliko maneno yoyote ya tangazo.

Kuhusu wati zinazoandikwa nyuma ya spika, zisikusumbue. Ni kiasi inachoweza kuvumilia, wala si kiasi inachohitaji. Ukikaa mita 2.5 kutoka kwenye jozi ya pili, wati 1 kwa kila spika itakupa zaidi ya desibeli 80, ambayo tayari ni sauti kubwa sebuleni, na wati 60 zinaongeza takriban desibeli 18 kwa ajili ya vishindo vya ghafla. Amplifaya ikianza kukwaruza, punguza, kwani ikikata vilele vya mawimbi ndipo twita huungua. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 unatosha kwa mita chache ulizonazo.

Ningebadili ushauri huu kama chumba kingekuwa na urefu wa mita 7 au zaidi, kama spika zingeweza kukaa mita nzima kutoka ukutani, na kama amplifaya ingekuwa imetengenezwa kwa omu 4. Hata hapo ningetaka kwanza kuona grafu za pembeni za jozi ya kwanza. Na kama siku zijazo utatamani besi ya chini zaidi, ongeza sabwufa (boksi la pekee la besi ya chini) na uigawanye kazi na spika kwenye hezi 80 hivi. Chini ya masafa hayo sikio halitambui kirahisi sauti inatoka wapi, kwa hiyo utaiweka pale ambapo chumba kinaitulizia besi, jambo ambalo huwezi kulifanya na wufa zilizofungiwa ndani ya spika zenyewe.

Jozi ikishafika, usiifungie misumari ya chini siku ya kwanza. Ziache spika zikiwa umbali sawa kati yao na kati ya kila moja na kichwa chako, zikikutazama kidogo, kisha chezesha wimbo wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka noti moja moja. Ukisikia noti moja ikivimba kuliko jirani zake, usianze na spika, anza na kochi: kwenye ukuta ndipo msukumo wa hewa wa kila mvumo wa chumba ulipo mkubwa kuliko mahali pengine popote. Livute mbele sentimita 50, usikilize tena wimbo uleule, halafu ndipo uzisogeze spika sentimita 5 kila mara. Usilipeleke kochi katikati kabisa ya urefu wa chumba, kwa sababu hapo hezi 41 karibu zitatoweka na utadhani spika hazina besi.